Mapacha, Mauaji ya Zamani na Ungamo Lisiloaminika

Hadithi nyingi za taharuki za mahakamani zenye mapacha ndani yake hutega mtego uleule. Mtu aliuawa miaka mingi iliyopita, ndugu mmoja akafungwa, mwingine akaendelea na maisha yake, kisha jalada linafunguliwa upya na kila mtu anaanza kuuliza: ni yupi hasa? Msomaji anaburutwa ukurasa baada ya ukurasa akilisaka jibu, na mwishoni anaingia mtaalamu wa maabara na karatasi mkononi. Anaisoma, kesi imekwisha.

Nazipenda sana hadithi hizi, na kwa sababu hiyo nasikitika zinapoishia hapo. Zinaruka jambo zito kuliko yote yaliyomo ndani yake. Pacha mmoja akisimama kizimbani na kusema "ni mimi niliyeua", nani amwamini, na kwa kigezo gani? Mtu mwingine yeyote akitamka maneno hayo, kesi huwa imefika ukingoni. Akiyatamka pacha, ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu yupo mtu mwingine mwenye sura yake na vinasaba vyake, aliyelala naye tumbo moja, na huenda huyo ndiye anayekingiwa kifua.

Hatuwezi kufika huko bila kupita maabara, maana wasomaji wengi wanaamini kwamba maabara ilishalimaliza jambo hili zamani.

Mwaka 1984, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza aligundua namna ya kumtambua mtu kwa DNA. Muda si mrefu polisi wakamwendea na kesi ya wasichana wawili waliouawa karibu na mji huo, mmoja mwaka 1983 na mwingine 1986. Kijana mmoja alikuwa mikononi mwao na alikuwa ameshakiri kumuua mmoja wao. Vipimo vikaonyesha kwamba aliyewashambulia wasichana wote wawili ni mtu mmoja, na mtu huyo si kijana yule. Muuaji, Colin Pitchfork, alikuja kupatikana baadaye na kuhukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1988. Alikuwa amejaribu kuwakwepa wapelelezi kwa kumtuma mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Kesi hiyo husimuliwa kama ushindi wa kumnasa muuaji. Mimi huikumbuka zaidi kwa yule kijana, kwa kuwa kabla DNA haijamtia mtu hatiani katika kesi ya mauaji, ilikuwa imekwisha kumwokoa mtu aliyekiri asichokitenda.

Pacha wa kufanana hawezi kuokolewa kwa njia hiyo. Maabara za uchunguzi wa jinai hazisomi vinasaba vyote vya mtu. Husoma sehemu chache zinazotofautiana sana kati ya mtu na mtu. Hifadhidata ya taifa ya Marekani ilianza na sehemu 13, na tangu mwaka 2017 zimekuwa 20. Kwa watu wawili wasio na undugu, uwezekano wa kulingana katika sehemu zote hizo ni mdogo mno. Mapacha wa yai moja hulingana katika kila sehemu, kwa sababu walianza wakiwa chembe moja. Kwa hiyo kipimo kikimtaja mmoja, kimewataja wote wawili.

Berlin ilikutana na hali hiyo mapema mwaka 2009. Wezi waliingia usiku katika duka kubwa la KaDeWe na kuondoka na vito vya mamilioni ya euro. Nyuma yao iliachwa glavu moja, na ndani ya glavu kulikuwa na jasho. DNA ya jasho hilo ikawapeleka polisi moja kwa moja kwa ndugu wawili, mapacha wa kufanana. Wakakamatwa, wakanyamaza, na mwezi Machi wakaachiwa. Mahakama ilisema kwamba angalau mmoja wao alishiriki wizi huo, ila haikuwezekana kujua ni yupi. Mwaka huohuo jaji mjini Kuala Lumpur aliwaachia mapacha wawili katika kesi ya dawa za kulevya ambayo adhabu yake ilikuwa kifo. Mmoja wao alikuwa amekamatwa na mzigo, lakini upande wa mashtaka ulishindwa kuthibitisha ni yupi, na jaji hakuwa tayari kumpeleka kwenye kitanzi mtu ambaye huenda siye.

Linganisha na Brazili. Mwaka 2019 jaji wa jimbo la Goiás alikuwa na kesi ya matunzo ya mtoto. Mapacha wawili walipimwa, wote wakaonekana kuwa baba, na kila mmoja akamsukumia mwenzake. Jaji akaamuru wote wawili walipe na wote wawili waandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Katika madai hilo linawezekana, kwa sababu mtoto anapaswa kula na hasara inaweza kugawanywa. Kifungo cha mauaji hakigawanywi. Sheria ya jinai inataka mtu mmoja, mwenye jina lake, athibitishwe pasipo kuacha shaka ya msingi. Ikibaki na wawili, haina hata mmoja.

Najua kuna atakayesema sayansi imesonga mbele, na kweli imesonga. Mwaka 2014 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwamba vinasaba vikisomwa vyote, tena kwa kurudia mara nyingi, inawezekana kuwatenganisha mapacha. Walipata herufi tano za vinasaba zilizobadilika kwa pacha mmoja na kwa mtoto wake, ambazo hazikuwapo kwa yule pacha mwingine. Mwaka 2021 watafiti wa Iceland waliochunguza zaidi ya jozi 300 za mapacha wakatoa wastani: mapacha wa kufanana hutofautiana kwa mabadiliko kama matano hivi yaliyotokea mwanzoni kabisa mwa ukuaji wao, na baadhi ya jozi hazikuonyesha tofauti yoyote.

Mabadiliko matano, katika herufi zaidi ya bilioni tatu. Sasa rudi kwenye mauaji ya zamani. Sampuli ni doa la damu kwenye kitambaa kilichokaa kwenye boksi la ushahidi robo karne. Kipimo cha kawaida kinaridhika na kiasi kidogo sana cha DNA, lakini hiki cha kina kinataka DNA nyingi, na safi. Doa la zamani huwa limechakaa, na huenda lilishakatwakatwa kwa vipimo vya awali. Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likitumiwa vizuri katika riwaya: mapacha waliochangia kondo la nyuma mara nyingi hubadilishana damu wakiwa tumboni, hivyo chembe za mmoja zinaweza kuishi katika damu ya mwenzake. Mwandishi anayemleta mtaalamu na karatasi yake ukurasa wa mwisho amempa uhakika ambao maabara halisi isingethubutu kuuapia. Wakili wa utetezi mwenye akili timamu angeomba kipimo hicho kisipokelewe kabisa, na yupo angalau jaji mmoja aliyekwisha kukubali ombi la aina hiyo.

Ushahidi unaowatenganisha mapacha vizuri kuliko wote ni wa karne ya 19: alama za vidole. Michirizi ya vidole hujipanga mtoto akiwa tumboni kwa kufuata vinasaba na pia mazingira yake humo, namna alivyolala na alichogusa, kwa hiyo mapacha hawalingani. Doa la damu likiwa limechakaa, alama ya dole gumba kwenye fremu ya dirisha, iliyonyanyuliwa kwa utepe na kubandikwa kwenye kadi siku ya tukio, bado inasomeka miaka 30 baadaye. Kadi kama hiyo ikikosekana kwenye jalada, ningependa hadithi ijikite hapo, kwa sababu mara nyingi kadi hukosekana pale ambapo hakuna aliyeihitaji. Na haihitajiki pale mtu alipokiri.

Hapo sasa tumefika.

Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilieleza mwaka 2012 kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika zile za majimbo, zilitokana na mshtakiwa kukiri kosa. Maana yake ni kwamba kesi inayosikilizwa hadi mwisho, ile tunayoisoma kwenye riwaya, ni nadra sana. Kwa mapacha, jambo hili ni zito mno. Tuwaite Kurwa na Doto. Doto ameua, na ana mke mjamzito na kazi inayomwendea vizuri. Kurwa hana familia. Wanakaa usiku mmoja jikoni na wazazi wao, na asubuhi Kurwa anakwenda polisi.

Siku ya mahakama inachukua muda mfupi. Jaji anamuuliza kama ameelewa haki anazoziacha. Anasema ndiyo. Anamuuliza kama kuna mtu amemlazimisha. Anasema hapana. Kuna aliyemwahidi chochote nje ya makubaliano yaliyo mezani? Hapana. Mwendesha mashtaka anasoma muhtasari wa tukio, Kurwa anaukubali, adhabu inatamkwa. Hakuna shahidi aliyehojiwa, hakuna aliyelinganisha alama za vidole na kidole chochote. Kila jibu alilotoa amelitoa chini ya kiapo. Pacha wake yuko kwenye viti vya nyuma, amevaa suti.

Mtu anaweza kudhani huu ni utunzi mtupu. Lakini watu hukiri wasiyoyatenda mara nyingi kuliko tunavyopenda kuamini. Kufikia mwaka 2020, shirika la Innocence Project la Marekani lilikuwa limehesabu watu 375 waliosafishwa na DNA baada ya kufungwa, na karibu 3 katika kila 10 walikuwa wametoa maelezo ya kukiri ya uongo. Wengi wao walichoshwa, walitishwa au walidanganywa kwenye chumba cha mahojiano. Kurwa hakutishwa na askari yeyote, alikwenda kwa miguu yake. Polisi wamefunzwa kutafuta dalili za mtu aliyelazimishwa, na kwa Kurwa hakuna dalili hizo, kwa kuwa kinachomsukuma ni mapenzi. Kisha, tofauti na wale 375, siku akibadili mawazo DNA haitamsaidia. Ukipima lile doa kwa kipimo cha kawaida, litasema ni lake.

Kesi ya kweli iliyo karibu zaidi na haya ilitokea Chicago, ingawa yenyewe ilikwenda kinyume. Mwaka 2003 mtu mmoja alipigwa risasi akafa na mwingine akajeruhiwa. Mashahidi walimtambua mmoja wa mapacha wa kufanana, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 54. Alikana tangu mwanzo. Mwaka 2013 pacha wake, ambaye wakati huo naye pia alikuwa gerezani kwa kosa jingine, alimwandikia barua akisema kwamba yeye ndiye aliyefyatua risasi zile. Mwaka 2016 alipanda kizimbani na kurudia maneno hayo chini ya kiapo.

Mwaka 2018 jaji aliyakataa. Hoja iliyomwelemea ni kwamba pacha huyo hakuwa na cha kupoteza: alikuwa anatumikia kifungo cha miaka 99, na alisubiri mpaka hukumu yake mwenyewe ikashindikana kutenguliwa ndipo akakiri. Mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi huo baadaye, na mwanzoni mwa mwaka 2022 ndugu aliyefungwa akatoka, baada ya karibu miaka 20.

Naielewa hoja ya yule jaji. Ungamo tunaliamini kwa sababu moja kubwa: mtu mwenye akili zake hajiumizi bure. Likiwa halimgharimu anayelitoa, kinachotufanya tuliamini kinaondoka. Mfungwa wa miaka 99 anaweza kumzawadia ndugu yake uhuru kwa sentensi moja na asilipe chochote.

Lakini igeuze upande wa pili uone inavyovunjika. Pacha mwenye mengi ya kupoteza, aliye huru, mwenye watoto, akija kukiri, tutasema anajitoa mhanga kwa ajili ya ndugu yake. Asiye na cha kupoteza tutasema anadanganya kwa kuwa hana hasara. Kigezo kinachomkataa kila anayekuja, kwa sababu yoyote aliyonayo, hakipimi ukweli wa ungamo. Kinapima undugu, na undugu wao hakuna aliyekuwa anaubishia. Nadhani mahakama ingepaswa kuacha kuuliza anafaidika vipi na kuuliza anajua nini: ametaja jambo ambalo halikuwahi kuandikwa kwenye jalada, anajua bastola ilikotupwa, maelezo yake yanaoana na njia ya risasi? Hayo yanapimika. Mapenzi ya ndugu kwa ndugu hayapimiki, na jaji anayejaribu kuyapima anaishia kukisia.

Wa kuulizwa hayo kwanza ni wale waliokuwapo jikoni usiku ule, maana siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa sheria za nchi zinatofautiana kwa namna ambayo hubadilisha hadithi nzima. Ujerumani, ndugu, wazazi na watoto wa mshtakiwa wana haki ya kukataa kutoa ushahidi. Ufaransa huwasikiliza mahakamani bila kuwaapisha, ikitambua kwamba kumwapisha mama dhidi ya mwanawe ni kumlazimisha achague kati ya uongo na ukatili. Nchi zinazofuata sheria za Kiingereza humlinda mume au mke kwa kiwango fulani, lakini kaka, dada au mama kwa kawaida anaitwa kama shahidi mwingine yeyote, na akikaidi anaweza kufungwa kwa kuidharau mahakama. Kama ndivyo ilivyo huko hadithi inakotokea, mwandishi amwite mama. Nashangaa ni hadithi chache kiasi gani zinazofanya hivyo.

Na amwite baada ya miaka mingi, kwa sababu muda hufanya jambo la ajabu katika sheria. Mauaji yenyewe katika nchi nyingi hayana ukomo wa kushtakiwa; Ujerumani ilifuta ukomo huo mwaka 1979 na Japani mwaka 2010. Makosa madogo yanayoambatana nayo, kama kufua shati lenye damu au kuwadanganya wapelelezi, mara nyingi yana ukomo, na ukishapita hayashtakiwi tena. Usiku ule mama aliyefua shati la Doto alikuwa na haki ya kunyamaza kwa kuwa kusema kungemtia yeye mwenyewe hatiani. Miaka 25 baadaye hakuna kosa analoweza kushtakiwa nalo, na kwa mantiki hiyohiyo haki yake ya kunyamaza imepotea. Yuko salama kabisa, na kwa kuwa yuko salama analazimika kujibu. Sijui mtego mwingine katika sheria unaomkaba mzazi kwa ukatili kama huo, na hakuna maabara inayohitajika kuutega.

Tuseme basi mama amesema. Amesema shati lilikuwa la Doto, na kwamba yeye na mumewe walimwomba Kurwa aende. Upande wa mashtaka unataka kumshtaki Doto kwa mauaji. Kwanza unapaswa kurudi mahakamani na kusema kwamba hukumu ya miaka ile, iliyoombwa na ofisi yao wenyewe, ilikuwa batili. Kisha unapaswa kuwashawishi wazee wa baraza la mahakama kwamba mtu mwenye DNA ileile na sura ileile, aliyekwisha kukiri, siye. Shahidi wao mkuu atakuwa Kurwa, na Kurwa ameapa mara mbili kwa maneno yanayopingana, kwa hiyo ama alimdanganya jaji siku ile au anawadanganya leo. Mama ataulizwa kwa nini alinyamaza robo karne, na kama hana sababu ya kumpendelea mtoto mmoja dhidi ya mwingine. Doto hatasema neno, na sheria inamruhusu.

Wakili wake hahitaji kuleta mtaalamu wa vinasaba. Ataomba kumbukumbu za kesi ya kwanza zisomwe kwa sauti, swali kwa swali: kama Kurwa alilazimishwa, kama aliahidiwa chochote, na kama maelezo ya mwendesha mashtaka kuhusu namna alivyoua yalikuwa ya kweli. Kisha ataketi.

Shaka ya msingi hiyo imepatikana, na imeandaliwa na serikali yenyewe siku ilipokubali ungamo la pacha bila kufungua boksi la ushahidi.